Sansevieria imetoa mtoto mwenye mchirizi: namna ya kumtenga, kumkuza na kumfanya aina mpya

Chungu cha sansevieria ya kawaida, ule mmea wa mapambo wa majani magumu yaliyosimama kama panga, kijani mbele kijani nyuma, kinatoa watoto, yaani machipukizi, kila msimu bila mtu kushangaa. Halafu siku moja anachomoza mtoto ambaye jani lake lina mchirizi wa njano au mweupe kutoka chini hadi nchani. Aina nyingi za mapambo zenye rangi mbili zimeanza hivyo hivyo. 'Laurentii', ile yenye ukingo wa njano inayokaa kwenye mapokezi ya hoteli na ofisi, iliokotwa Kongo, eneo la Stanleyville ambayo leo ni Kisangani, na profesa Mbelgiji Émile Laurent. Ilipewa jina lake mwaka 1904. 'Hahnii' fupi inayokaa kama kiota ilionekana New Orleans mwaka 1939 ndani ya kundi la 'Laurentii', na baadaye 'Hahnii' yenyewe ikatoa ya njano, 'Golden Hahnii'.

Kabla hujagusa kisu, shika jambo moja: rangi haikai kwenye jani, inakaa kwenye jicho la kuchipua. Ncha ya kuota ya sansevieria imejengwa kwa tabaka za seli, moja juu ya nyingine. Katika mmea wa rangi mbili, tabaka mojawapo au kipande chake kimepoteza uwezo wa kutengeneza kijani. Kila jani linalotoka kwenye ncha hiyo linabeba mpangilio uleule. Ukikata jani vipande ukavichomeka kwenye mchanga, vitaota mizizi vizuri sana, lakini jicho jipya litajengwa na seli za ndani za jani, na hizo kwa kawaida ni za kijani. Ndiyo maana vipande vya 'Laurentii' hutoa watoto wa kijani kitupu, na vya 'Golden Hahnii' hukurudishia 'Hahnii' ya kijani. Anayekuuzia mtandaoni "kipande cha jani" cha aina adimu yenye ukingo mweupe anakuuzia sansevieria ya kawaida kwa bei ya ajabu.

Mawimbi ya kijivu na kijani yanayokata jani kwa upana ni habari nyingine. Hayo ni ya mmea mzima na yanarithiwa hata kwa kipande cha jani. Tunachozungumzia hapa ni mchirizi unaokwenda kwa urefu.

1. Hakikisha ni mchirizi wa kweli

Mchirizi wa kweli una mpaka mkali kama uliochorwa kwa rula. Unaanzia chini kabisa jani linapotokea, hautanuki jani likishakomaa, na jani linalofuata lina mchirizi mahali panapolingana na lile la kwanza. Subiri uone majani mawili, ikiwezekana matatu. Jani moja lenye mstari halafu lifuatalo kijani maana yake kipande cha tabaka kilikuwa chembamba na kimeshapotea.

Yanayodanganya ni haya. Jua kali huacha baka la rangi ya maziwa upande ulioelekea dirishani tu, na ukiligusa ni kavu kama karatasi. Utitiri mwekundu huacha vidoa vidogo vya fedha vilivyotapakaa, na ukipitisha karatasi nyeupe chini ya jani ukaligonga, vitu vidogo vinatembea. Virusi hutoa mabaka yenye kingo zilizofifia, hayafuati mishipa, na jani mara nyingi linajikunja. Mmea wa namna hiyo utenge na wenzake, na kisu ulichougusia usikitumie kwingine kabla ya kukisafisha.

2. Soma mchirizi umekaaje

Hapa ndipo bei na muda wa kazi yako vinapoamuliwa.

Mchirizi ukiwa pembezoni, kingo zote mbili, kila jani, una bahati: tabaka zima limebadilika na mtoto huyo ataendelea kutoa wenzake wa namna yake. Ukiwa katikati ya jani, kingo zikiwa kijani, nao huwa imara. Ukiwa upande mmoja tu, au majani ya kushoto yana rangi na ya kulia hayana, tabaka limebadilika nusu. Huo ni mmea mzuri machoni lakini hauaminiki. Watoto wake watakuwa mchanganyiko na kazi yako itakuwa kuchuja kwa vizazi kadhaa. Vimistari vyembamba vilivyotawanyika kama mvua ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote, kwa sababu kila mtoto huja na sura yake.

Akija mtoto mweupe au wa njano mtupu, mwache kwa mama. Hana kijani cha kujitengenezea chakula, anaishi kwa kunyonya kupitia shina la chini. Ukimkata amekufa, hata kama ana mizizi.

3. Subiri

Watu wengi wanampoteza mtoto hapa kwa haraka. Asikatwe kabla ya kufikia theluthi moja ya urefu wa mama au kuwa na majani manne, na awe na mizizi yake. Kwenye joto la pwani hiyo ni kama miezi mitatu hadi mitano tangu achomoze. Nyanda za juu huenda ikafika minane. Wenye rangi nyingi huchelewa zaidi kwa kuwa nusu ya jani haifanyi kazi. Kujua kama ana mizizi, mshike chini umtikise kidogo: akigoma, anayo.

Watoto wa kijani wanaochomoza kwenye chungu hichohicho waondoe mapema. Wanakua haraka kuliko mwenzao na watamlia nafasi na mwanga.

4. Andaa udongo kabla ya kisu

Sansevieria haifi kwa kiu, inakufa kwa maji yaliyokwama, na yenye rangi mbili ina akiba ndogo ya kuvumilia makosa. Ukipimia kopo la nusu lita, changanya:

- makopo 3 ya changarawe nyepesi ya volkano, chembe za milimita 3 hadi 6 (Arusha na Naivasha inapatikana; kwingine ponda tofali la kuchoma, chekecha, tupa vumbi)
- kopo 1 la mchanga mnene wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke meupe
- kopo 1 la mboji iliyoiva na kuchekechwa
- nusu kopo la mkaa uliopondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi

Hii inajaza vyungu viwili hadi vitatu vya kipenyo cha sentimita 12. Mchanga wa baharini usitumie, chumvi yake huunguza ncha za mizizi. Walio pwani wanaweza kuweka makumbi yaliyosagwa badala ya mboji, ila yalowekwe na kusuuzwa mara tatu kwanza, kwa sababu hiyohiyo ya chumvi. Kipimo cha udongo mzuri: loweka kidogo, fumba ngumi ukamue, fungua. Ukibaki donge, ongeza changarawe.

Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye tundu, na kisizidi upana wa mizizi kwa zaidi ya sentimita 3. Chungu kikubwa kwa mtoto mdogo ni bwawa.

5. Kukata

Acha chungu cha mama kikauke siku 5 hadi 7 bila maji. Mizizi mikavu kidogo inapinda, iliyojaa maji inavunjika. Kama chungu cha plastiki kimevimba kwa mizizi, kipasue kwa mkasi. Usivute majani, yanang'oka kwenye shina na ndani yake kuna jicho lile unalolitafuta.

Kung'uta udongo. Utaona shina nene la rangi ya machungwa linalotambaa kwa mlalo, limevikwa magamba membamba ya kahawia, kama tangawizi iliyonyooshwa. Hilo ndilo linalomuunganisha mtoto na mama. Vua magamba kwa kidole cha gumba, taratibu, kuanzia kwa mtoto kurudi kwa mama. Chini ya kila gamba kuna pete, na juu ya pete huwa kuna kinundu cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo vinundu ni macho. Vilivyo karibu na mtoto ndivyo vyenye nafasi kubwa ya kubeba mpangilio wake wa rangi, kwa hiyo visibaki kwa mama.

Kisu kiwe chembamba na chenye makali, kifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kiachwe kikauke. Kata mara moja, moja kwa moja, bila kusaga kama msumeno, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye shina la mtoto, ili aondoke na pete angalau mbili. Nyama ya ndani iwe ngumu na safi, ya njano iliyopauka. Ukiona kahawia au duara jeusi katikati, uozo umeshaingia: rudi nyuma kidogo, futa kisu upya, kata tena mpaka ufikie nyama safi.

Paka unga wa mkaa kwenye majeraha yote mawili. Majivu ni makali mno, yaache. Mlaze mtoto kivulini penye hewa, juu ya gazeti, siku 2 hadi 3 sehemu kavu kama Dodoma, siku 5 hadi 7 pwani wakati wa masika. Jeraha likiwa gumu kama gome, limefunga. Utomvu wa mmea huu una saponini, kemikali yenye sumu kidogo. Osha mikono, na paka na mbwa wasipewe nafasi ya kutafuna mabaki, watatapika.

6. Kupanda

Jaza chungu nusu, laza mtoto ili kipande cha shina la chini kiwe sentimita 2 hadi 3 chini ya uso wa udongo na pale majani yanapoanzia pawe sawasawa na uso wenyewe. Ukimzika zaidi, maji yatakaa kati ya majani. Akiyumba, mtegemeze kwa vijiti viwili vya mshikaki, usimshindilie udongo.

Usimwagilie. Siku saba hadi kumi bila hata tone, mizizi iliyokatika ipone. Maji ya kwanza ni kama mililita 150, pembeni mwa chungu, na yanayotoka chini yamwagwe.

7. Mwanga, maji, mbolea

Sehemu nyeupe haina kijani, kwa hiyo mmea unahitaji mwanga mwingi kuliko ndugu yake wa kijani, na hapohapo sehemu hiyohiyo huungua haraka zaidi. Jua la asubuhi mpaka saa nne linafaa. Kuanzia saa nne hadi saa kumi liwe limechujwa na pazia jepesi au kivuli cha mti. Dirisha la mashariki ni bora kuliko yote. La magharibi sogeza chungu mita moja na nusu ndani. Pembe ya giza ya sebuleni, ambako sansevieria ya kijani huvumilia miaka, haitaiua yenye rangi mbili mwezi huu, lakini itaacha kutoa majani, na mtoto wa kijani akichomoza atashinda. Mwanga peke yake hauzalishi mchirizi, wala dawa yoyote ya kupuliza. Anayeahidi hivyo muulize swali moja tu: jani linalofuata litatokaje?

Maji yapimwe kwa kijiti, kalenda isikutawale. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka na ubaridi au vumbi lililoganda, subiri. Kwa chungu cha sentimita 12, mililita 150 hadi 200 kwa mara moja. Dar es Salaam au Mombasa kipindi cha joto hiyo huangukia kila siku 10 hadi 14; Nairobi au Mbeya mwezi wa saba inaweza kufika wiki nne au tano. Kamwe usimwage kwenye moyo wa mmea. Chini ya nyuzi 10 mmea huumia, kwa hiyo Njombe, Makete na Limuru chungu kiingie ndani usiku wa kipupwe na kisiguse kioo cha dirisha.

Mbolea kidogo: gramu 1 ya NPK 20-20-20 inayoyeyuka kwa lita moja ya maji, mara moja kila miezi miwili wakati mmea unakua, na kipindi cha baridi usiweke kabisa. Ikizidi, majani hurefuka, hulegea na kulala.

8. Kuchuja vizazi

Mtoto mmoja mzuri bado ni bahati. Aina ni ile inayorudia sura yake, na hilo linaonekana kwa watoto wake, wajukuu na vitukuu. Panga kupitisha vizazi vitatu. Kwa mwendo wa sansevieria hiyo ni miaka minne mpaka sita. Hakuna njia ya mkato ya maabara kwa mimea ya namna hii, maana kuzidisha kwa tishu kunajenga macho mapya kutoka kwenye seli chache na tabaka huvurugika kama kwenye kipande cha jani. Mbegu nazo hazifai, zinavunja mpangilio.

Weka kumbukumbu. Alama ya kalamu ya wino hufutika kwa jua ndani ya mwaka. Kata ukanda wa kopo la soda, chora kwa msumari, uchomeke. Mtoto wa kwanza mwite M1, watoto wake M1-1, M1-2, na kuendelea. Kwenye daftari andika tarehe ya kuchomoza, mahali mchirizi ulipo, na wangapi wametoka sawa na mama, wangapi kijani, wangapi weupe. Piga picha ya jani la tatu la kila mtoto, kwa kuwa la kwanza na la pili hudanganya.

Ukiwa na mmea wenye rangi upande mmoja, usisubiri bahati. Angalia shina la chini limetokea upande gani: watoto wanaotoka chini ya upande wenye rangi ndio wa kutunza. Kama hautoi watoto, unaweza kuulazimisha kwa kuua ncha ya kuota: ingiza kisu chembamba kilichosafishwa katikati ya majani, kata jani changa la moyoni mpaka chini, tia unga wa mkaa, na usimwagilie wiki mbili. Mmea ukikosa moyo huamsha macho ya pembeni, na watoto huonekana baada ya miezi miwili hadi mitano. Kazi hii ifanyike msimu wa joto na kwa mmea wenye majani sita au zaidi. Mdogo kuliko hapo mara nyingi huoza.

Mmea ukitoa maua usikate tamaa. Shina lililochanua halitoi tena majani mapya, lakini linabaki hai na kwa kawaida huzaa watoto. Kata ua mapema ili nguvu iende huko.

Chungu chochote cha kizazi cha pili kinaweza kutoa mtoto wa kijani wakati fulani. Kukata majani yake hakusaidii. Fukua, kata shina lake la chini pale lilipoungana na mama, mpande kando au mpe jirani.

9. Yanayoharibika

Jani linalainika chini, linanuka na kung'oka likiguswa: uozo laini wa bakteria, karibu kila mara ni maji mengi kwenye baridi. Toa mmea siku hiyohiyo, kata mpaka nyama safi, kausha wiki nzima, panda kwenye mchanganyiko mpya. Ukiokoa jani peke yake, kumbuka umeokoa sansevieria ya kijani.

Madoa mekundu ya kahawia yaliyobonyea, yamezungukwa na njano: ukungu wa Fusarium, hupenda majani yanayoloweshwa. Kata sehemu yenye doa, acha kupuliza maji juu ya majani, tenganisha vyungu.

Pamba nyeupe kwenye mikunjo ya majani ni vidung'ata. Wafute mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila siku tano mara nne, na uchungulie mizizi pia, maana kuna wanaojificha huko.

Jani linapinda kuelekea upande mweupe au ukingo unapasuka: si ugonjwa. Sehemu isiyo na kijani hukua polepole kuliko jirani yake na kulivuta jani. Kama mimea yako yote ya kizazi cha pili inapinda hivyo, aina hiyo itauzika kwa shida hata kama rangi ni ya kupendeza, na ni afadhali ujue mapema.

10. Jina na haki

Kizazi cha tatu kikitoka sawa, ndipo ufikirie jina. Wanabotania wameihamisha sansevieria kwenye jenasi (kundi la mimea ya karibu) iitwayo Dracaena, ukoo mmoja na isale la Wachagga, kwa hiyo jina kamili huandikwa Dracaena trifasciata likifuatiwa na jina la aina ndani ya alama moja za kunukuu, kila neno likianza kwa herufi kubwa. Tangu 1 Januari 1959 jina jipya la aina haliruhusiwi kuwa la Kilatini, na lisizidi herufi 30. Kiswahili kinakubalika kabisa.

Ukitaka haki ya mgunduzi, yaani wewe ndiye uamue nani aizalishe na kuiuza aina hiyo, Kenya maombi hupelekwa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, Tanzania Bara kwenye ofisi ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, na Zanzibar ina sheria yake. Kote wanataka mambo yaleyale: mmea uwe tofauti na zilizopo, miche yake ifanane, na sura idumu kizazi hadi kizazi. Daftari lako la hatua ya nane ndilo ushahidi. Kuokota tu hakutoshi, lazima uonyeshe umeuendeleza. La nne ni upya: ukiwa umeuza mimea hiyo ndani ya nchi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, mlango umefungwa. Kwa hiyo vyungu vya kizazi cha kwanza na cha pili, hata mteja akilia, visitoke bustanini.